Mwaka wa Magunia Matupu

Wajukuu zangu hunicheka kwa sababu siwezi kunywa maji kabla ya kuyanusa. Yawe ya mfereji, yawe ya chupa iliyotoka dukani na kizibo chake, mimi lazima niyapeleke puani kwanza. "Bibi kama paka," husema yule mdogo wao, nami humwacha acheke maana hana kosa. Wiki iliyopita nilikuwa nimeshika gilasi hivyo hivyo, pua ndani, simu ikalia. Alikuwa Sidi, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa naye ana wajukuu, akipiga kutoka kwake Gongoni. "Shikamoo mwalimu," alisema. "Mama katutoka." Nikaketi kitandani. Sikulia papo hapo. Nilimwuliza yale maswali ya kijinga ambayo sote huuliza, amekufa saa ngapi, alikuwa amekula nini. Kisha Sidi akaniambia lililomfanya anipigie mimi kabla ya wengine. Watu wa Ziani walikuwa wamepata habari, na walikuwa njiani kuja kuomba maiti wakaizike kwao. "Watu wa Ziani?" nikasema. "Kwa uso gani?" Sidi akanijibu polepole, "Ndiyo maana nataka uwepo, mwalimu. Mama aliacha neno, nami sitaki kulisema peke yangu." Nikavaa buibui langu, nikafunga mlango wangu wa Mambrui bila hata kuosha vyombo, na njia nzima nilikuwa na hasira ya zamani ambayo nilidhani imekwisha.

Mwaka ninaoukumbuka ni mmoja tu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati mimi ni msichana niliyejiona mjuzi wa kila jambo kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne. Nilikuwa nimepewa kazi ya ualimu bila mafunzo katika shule ya msingi huko bara, baina ya Marafa na Adu, shule ya kuta za udongo na kengele ya rimu ya gari. Nyumba za walimu hazikuwapo, kwa hiyo mwalimu mkuu akanipeleka kwa mjane mmoja aitwaye Kadzo, ambaye kila mtu alimwita Mama Sidi kwa jina la bintiye. Nilipewa kitanda cha kamba katika chumba kilichopakana na jiko, na ukuta uliotutenga ulikuwa wa fito na udongo uliodondoka, hata ungeweza kupitisha mkono. Juu ya meko palikuwa na lutsaga, yaani dari ya miti ambamo Wagiriama huweka mahindi yao ili moshi uyalinde na wadudu. Mwaka ule lutsaga ya Mama Sidi ilikuwa karibu tupu, kwani mvua mbili zilikuwa zimepita bila kunyesha vya kutosha, lakini moshi haukupunguza kazi yake. Nguo zangu zote zilinuka moshi, vitabu vilinuka moshi, na nilipokwenda Mambrui siku za likizo shoga zangu waliniuliza kama nimeolewa na muuza makaa.

Siku ya kwanza Mama Sidi aliniletea wari, ndiyo sima kwa Kigiriama, na kambare wa kukaushwa aliyepikwa kwa tui. Sisi watu wa Mambrui tuna kiburi cha samaki. Aliyekulia kwenye changu na tasi humtazama samaki wa ziwani kama mtu aliyekuja harusini na matope miguuni. Nikamtazama kambare yule na masharubu yake, nikaanza kuila sima kavu. "Kula, mwalimu," Mama Sidi akasema. "Huyu hana miba ya kukusumbua." Nikamjibu, "Hana miba, mama, lakini ana ndevu." Akacheka mpaka akaweka chini kata ya maji, na tangu siku ile tukawa kitu kimoja. Nilimla yule kambare. Kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nikigombania kichwa chake na Sidi, ambaye alikuwa darasa langu la tatu na alidhani kuishi na mwalimu nyumba moja kungemfanya apite mitihani.

Ziwa lenyewe wenyeji hawakulipa jina kubwa. Waliliita Ziani, na mtaa wao pia wakauita Ziani. Lilikuwa bonde pana lililojazwa na korongo moja refu lililoshuka kutoka mashambani, na mwaka ule wa ukame lilikuwa limenywea mpaka matete yake yakasimama juu ya ardhi iliyopasuka. Kambare walikuwamo, na perege, na wanawake walichota humo maji ya kupikia na ya kunywa. Uvuvi ulikuwa na sheria yake. Wazee walilifunga ziwa miezi mingi, asiingie mtu na ndoana wala lema, ule mtego wa kufuma kama kikapu, ili samaki wakue. Mahindi yalipokwisha kwenye dari, basi ndipo walipolifungua, siku moja kwa wote, na wanawake wakaingia kwa mstari mmoja na malema yao wakiimba. Samaki wa siku ile walikaushwa na kuliwa mpaka mavuno. Aliyekosa mahindi alikuwa na ziwa. Na kosa kubwa kuliko yote, kubwa kuliko kuiba, lilikuwa kutia utupa katika maji yaliyofungwa. Utupa ni mti mdogo ambao majani yake yakipondwa na kutiwa majini huwalevya samaki, wakaja juu wakitweta, midomo wazi, ukawaokota kwa mikono. Mama Sidi alikuwa na kichaka cha utupa nyuma ya nyumba, kwa ajili ya utitiri wa kuku. Kila mtu alikijua, na wengi walikuja kuomba majani.

Sasa nije kwenye mbolea. Kulikuwa na mradi wa kilimo uliowagawia watu mashamba, na kila mwenye shamba alipewa mbegu na magunia ya mbolea ya chumvi, ile nyeupe ya punje punje. Bwana shamba wa mradi aliiita yurea, watu wakaiita chumvi ya mradi. Alikuwa kijana mpole aliyevaa viatu vilivyong'aa hata siku za vumbi, na alikaa kwenye chumba kidogo kilichoambatana na ghala la mabati. Watu wa Ziani hawakuitaka chumvi yake, wala hawakuwa wajinga kuikataa. Msimu uliotangulia walikuwa wameambiwa waitie shimoni pamoja na mbegu, wakaitia, mvua ikachelewa, na mbegu zikaungua ndani ya ardhi zisichipue hata moja. Walimweleza bwana shamba, naye akawaambia hawakufuata masharti. Basi mwaka ule aliposema wakubwa wa mradi wanakuja kukagua, na asiyekuwa na magunia matupu ya kuonyesha atanyang'anywa shamba, watu wakafanya hesabu yao wenyewe. Shamba walilitaka. Gunia nalo walilitaka, tena sana, maana lilikuwa jeupe, gumu, lisilooza, ukilishona na sufi ndani una godoro, ukilikata una mkoba wa shule. Kilichozidi ni kile kilichokuwa ndani.

Nilisikia jambo hili likisemwa kwa masikio yangu, nikiwa nasahihisha vitabu chumbani na wao wakiwa upande wa pili wa ukuta wakichambua mtsunga, ile mboga chungu tuliyokula siku tano kati ya saba. Alikuwa Mama Sidi na Mbodze, jirani yake na rafiki yake wa tangu usichana, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene aliyekuwa akiingia mle jikoni bila kubisha hodi.

"Yako bado iko?" Mbodze aliuliza.

"Bado iko."

"Wangoja nini? Mimi nimeshamaliza. Nimekwenda nayo korongoni jana, nikaimwaga mchangani, nikalikung'uta gunia langu, basi."

"Mbuzi wasije wakailamba."

"Nimeifukia kwa mguu. Kadzo, kagunia kamoja ni kitu gani? Korongo lile hata ng'ombe mzima laweza kummeza. Na si mimi peke yangu, nimekuta nyayo."

Wakacheka wote wawili. Nami nikacheka kimya kimya, nikaona ni werevu mzuri wa kumkomoa bwana shamba.

Mama Sidi hakumwaga, na sababu nilikuwa mimi. Kwenye gunia kulikuwa na maandishi ya Kiingereza ambayo hakuna aliyewahi kumsomea, akaniomba nimsomee kwa kuwa, alisema, kitu kilichoandikwa sana namna ile lazima kina maneno. Nikamweleza kwamba isiguse mbegu. Ingoje mahindi yafike magotini, mvua iwe imelowesha ardhi, kisha itiwe kidogo kando ya mche na kufukiwa. "Kumbe ni dawa yenye miiko," akasema. Akaihamishia yote kwenye mtungi mkubwa, akaufunga mdomo kwa kitambaa, akaupandisha kwenye lutsaga. Gunia akalifua, akalianika uani. Siku ya ukaguzi nilipita mtaani nikiwa na watoto wa shule, na kila ua ulikuwa na magunia meupe yamening'inia. Bwana shamba alitembea na wakubwa wake akiyaonyesha kwa kidole, akitabasamu. Wakubwa nao walitabasamu. Waliandaliwa mbuzi, wakala, wakaondoka.

Mvua ya kwanza ilikuja kabla ya ziwa kufunguliwa, na ilikuja yote kwa mara moja, mchana, juu ya ardhi ngumu isiyoweza kunywa. Korongo liliteremka na sauti iliyotufanya tusimamishe masomo. Watu walitoka nje wakacheza kwenye mvua, wazee kwa watoto, na Mama Sidi aliweka masufuria yote tuliyokuwa nayo chini ya paa. Siku mbili baadaye Sidi alirudi kutoka kuchota maji, ndoo tupu, akasimama mlangoni. "Mama, samaki wanaomba hewa," alisema. Tulikwenda. Ukingo mzima ulikuwa umejaa watu. Samaki walikuwa juu ya maji, wengine wamegeuka tumbo, wengine wakizunguka zunguka kama wenye kizunguzungu, midomo wazi, mashavu yakipanda na kushuka kwa haraka. Perege walikufa kwanza. Kambare, ambaye huweza kukaa topeni wiki nzima bila kufa, alikuwa akijirusha nje ya maji na kulala kwenye nyasi, na ukimrudisha anatoka tena. Viluwiluwi walikuwa wamelala ukingoni kwa mafungu, weusi, na konokono wa majini walikuwa wameachia matete na kudondoka, wamefunguka. Nikainama nichote kwa kiganja. Yalinuka mkojo. Yalinuka kama kile choo cha wavulana kule shuleni saa za jua kali, harufu inayochoma macho, nikayamwaga na kuifuta mikono yangu kwenye kanga.

Nakumbuka mwanamke mmoja mkongwe aliingia mpaka magotini na lema lake, siku isiyo ya kufunguliwa, akaanza kuokota huku analia, na hapo wote wakaingia. Walikuwa na njaa, wafanyeje? Waliokota kambare waliokuwa bado wanatapatapa, wakaanika. Lakini jua halikutoka vizuri, na samaki walikuwa wengi kupita chumvi na moshi waliokuwa nao, na baada ya siku chache mtaa mzima ulikuwa umeoza. Chakula cha miezi kilikuwa kimelala mle majini, kikifura na kupasuka. Hata ndege walikuja wakaondoka. Kisha maji yakaanza kugeuka kijani, kijani kizito chenye utando juu, na wanawake wakawa wanatembea mpaka jua la kichwa kutafuta kisima. Neno utupa sikulisikia siku ya kwanza. Nililisikia siku ya tatu, shuleni, mtoto akimwambia Sidi, na Sidi akaja kuniuliza kwa nini mama yake asing'oe ule mti.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Sikuwa na elimu ya kulieleza, na maneno ya kisayansi nilikuja kuyapata miaka mingi baadaye chuoni, kwamba mbolea ile ikikaa majini hutoa sumu yenye harufu ya mkojo, nayo huunguza mashavu ya samaki mpaka hewa iliyomo majini isiwafae. Lakini nilikuwa na pua, na nilikuwa nimeyasikia ya Mbodze. Nikaenda kwa bwana shamba chumbani kwake. Alikuwa akinywa chai na mkate wa siagi, akanikaribisha kiti. Nikamwambia watu walimwaga chumvi yake korongoni, na korongo limeipeleka ziwani. Akaweka kikombe chini taratibu. "Mwalimu," alisema, "magunia nimeyaona matupu kwa macho yangu. Wakubwa wameyaona. Mbolea iko mashambani." Nikamwambia akanuse maji. Hakunitazama. "Nikisema unavyosema wewe, nitakuwa nimewadanganya wakubwa, na hawa watu wote watatolewa mashambani. Ndilo unalolitaka?" Nilitoka, nikaenda moja kwa moja nyumbani.

Nikamwambia Mama Sidi. Alikuwa akipepeta mahindi ya mwisho, akaacha. Akaweka ungo chini, akasema, "Kwa hiyo ni Mbodze." Nikasema ni Mbodze na kila mtu. Akatazama nje ya mlango, nyumba moja baada ya nyingine, akizitambua kwa paa zake. "Yurubi, mwalimu, usiwaambie," akasema. Alikuwa na desturi ya kulitamka neno lile la kwetu, ya rabbi, kwa namna yake. "Njaa wanayo tayari. Wakijua ni mikono yao, watakufa kwa kitu kingine."

Hasira ingepoa kama si mahindi. Mvua ziliendelea, mashamba ya wenzake yakatoa mimea myembamba ya manjano kwenye ule udongo uliochoka, na ya Mama Sidi, aliyetia chumvi yake kidogo kidogo kando ya kila mche kama gunia lilivyoagiza, yakapanda kijani kibichi mpaka yakampita kichwa. Shamba lake ulilitambua kutoka mbali. Mwanzo watu walisimama kulitazama. Halafu wakaacha kupita njia ile. Jikoni kwetu Mbodze hakuja tena, na nilipokutana naye kisimani alinisalimu mimi akamruka Mama Sidi niliyekuwa naye. Maneno yakaja mpaka kwangu kupitia watoto, na yalikuwa maneno yaliyokamilika: Mama Sidi ametia utupa ziwani, ameutoa uhai wa ziwa, akautia kwenye mahindi yake. Mpaka leo sentensi ile hunitia baridi, kwa kuwa walikuwa wameiona njia nzima ya ile chumvi, ila waliiona kinyume.

Walimwita ghalani. Mvua ilikuwa inanyesha na hapakuwa na mahali pengine pa kukusanyika watu wote wakiwa wakavu. Mzee Katana, aliyekuwa msemaji wa mtaa, aliketi juu ya magunia ya mbolea ya msimu uliokuwa ukija, yamepangwa mpaka karibu na bati, na wazee wenzake wakaketi hivyo hivyo, na bwana shamba akasimama mlangoni kama mwenye nyumba asiyependa wageni. Sisi wanawake tulikaa chini. Mganga alikuwa ameletwa na papai lake. Kiraho, kwa wasiokijua, ni kiapo cha kula: hutamkwa neno, ukala kipande cha papai kilichosomewa, na kama umeapa uongo mdomo hufura na ulimi ukajaa. Watu waliapa hivyo kwa mambo mazito tu. Sijui kama papai lina nguvu ile. Najua watu wote mle ndani walijua kwamba linayo.

"Kadzo," Mzee Katana akasema, "hatukushiki. Tunataka moyo utulie. Kula kiraho, tuone."

"Nitakula," Mama Sidi akasema. Alisimama. Alikuwa amevaa kanga zake nzuri. "Hata sasa hivi. Lakini kiapo nikiseme mimi, maana ni mdomo wangu utakaofura."

"Sema."

"Nitaapa hivi: kama nilikwenda korongoni nikamwaga kitu kilichoingia ziwani, hili papai liniue. Basi. Nami nitakula wa kwanza. Baada yangu ale Mbodze, kwa neno hilo hilo. Baada yake wewe, Mzee Katana. Tule sote, ziwa ni letu sote."

Nilikuwa nimemshika Sidi mkono. Nilitazama nyuso. Nimefundisha watoto miaka mingi tangu siku ile, na naijua sura ya darasa zima lililovunja dirisha. Ndiyo sura niliyoiona, kwa watu wazima, kwa wazee wa mvi. Karibu kila mmoja alidhani ni yeye peke yake, na sasa kila mmoja alikuwa akimwona jirani yake ameangalia chini. Mbodze alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya leso. Mama Sidi alichukua kipande cha papai mkononi mwa mganga, akasema maneno yake yote, akakila polepole, akameza, akafungua mdomo ili waone. Kisha akakaa chini akangoja. Mvua ilipiga mabati. Hakuna aliyesimama.

"Bwana shamba," nikasema kwa sauti ambayo sikuijua, "waambie." Akatoka nje kwenye mvua na viatu vyake.

Mzee Katana hatimaye aliinuka, akajikung'uta. Alisema kiraho ni cha mshtakiwa, si cha washtaki, na kwamba mtu anayewageuzia wazee kiapo amekwisha kuonyesha alivyo. Sikupata kusikia tena uongo uliosemwa kwa uchovu namna ile. Watu wakatoka wakiwa wameinamisha vichwa, haraka haraka. Nilidhani imekwisha, maana nilikuwa mtoto. Asubuhi tulipokwenda shambani tulikuta mahindi yote yamelazwa kwa mapanga, yakiwa ndiyo kwanza yanatoa ndevu. Katika mtaa wenye njaa, hakuna aliyechukua hata kijiti kimoja akampe mbuzi wake. Mama Sidi alitembea mistari yote mpaka mwisho, akiinama hapa na pale. Alilia kwa sauti, tena sana, nami nililia naye, na katika nyumba zile zote hakutoka mtu kuuliza kuna nini. Mwisho wa juma hilo tulimkuta kuku wake mmoja amening'inizwa mlangoni. Tulifunga mizigo. Nilimpeleka yeye na Sidi Mambrui kwa watu wangu, na baadaye akapata kiwanja Gongoni, akauza mihogo ya kuchoma miaka yote iliyobaki ya maisha yake. Sikurudi kwenye shule ile. Ghala nalo, nasikia, lilifungwa mradi ulipokwisha, na watu wakagawana mabati.

Wageni kutoka Ziani walifika kwa Sidi baada ya adhuhuri, wazee wanaume wanne na bibi mmoja aliyeteremshwa kwa kushikwa mikono. Nilimjua kwa sauti kabla ya sura. Mbodze. Wakaketi kwenye mkeka, wakatoa pole zao, na mmoja wao, mwana wa Mzee Katana aliyekwisha kufa zamani, akasema maneno mazuri kuhusu mtu na ardhi yake, kwamba mfu aliyelala ugenini hawaachi wa nyumbani wakalala. Sidi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanitazama mimi, akasema neno aliloachiwa. "Mama alisema mkija, niwaulize kile kiapo cha ghalani. Hana haja ya papai. Atakayesema kweli ndiye atakayemzika. Basi semeni."

Wanaume wakatazama mkeka. Walikuwa vijana wadogo mwaka ule, lakini gunia la nyumbani kwao walilijua, bila shaka waliligeuza mkoba wa shule. Yule mwana wa Katana akaanza kusema kwamba mambo ya kale ni ya kale. "Nyamaza," Mbodze akasema. Akajaribu kuinuka, akashindwa, akasema akiwa pale pale alipokaa, kwa ile sauti nene iliyokuwa imebaki nzima peke yake katika mwili wote. "Mimi nilimwaga. Nilimwaga chumvi yangu yote, nikaifukia kwa mguu, nikaja nikamcheka Kadzo kwamba yeye ni mwoga. Na ghalani nilijua. Alipomeza lile papai akanitazama, nilijua, nikajifunika." Alivuta pumzi. "Na mahindi, mwanangu, na mahindi yale nilishika panga."

Sidi hakumwambia amesamehewa, nami sikutaraji. Alimwambia, "Njoo, hawe," yaani njoo, bibi, akamwinua kwapani, na mimi nikamshika upande wa pili, mwepesi kama kikapu kitupu. Tulimzika Mama Sidi pale pale Gongoni, nyuma ya nyumba, kwenye kiwanja alichokinunua kwa mihogo. Mbodze ndiye aliyetia mchanga wa kwanza. Wale wanaume walisimama nje ya ua mpaka tulipomaliza, na hakuna aliyewafukuza wala kuwakaribisha.

Baadaye mjukuu wa Sidi alipitisha beseni na kata ili watu wanawe, na maji ya kunywa katika kikombe cha bati. Mbodze alikaa kando yangu kwenye kigoda. Nikamshikia kikombe. Kabla hakijafika mdomoni alinizuia, akainamisha kichwa, akayanusa yale maji kwa muda, macho amefumba. Kisha akanisukumia kikombe nami niyanuse. Nikayanusa. "Hayana kitu," nikamwambia, naye akanywa.